Kicheko Kilichoandikwa Salama

Katika miaka mitatu Mlinzi alisimamisha tanuru mara mia mbili na kumi na nne, na katika miaka hiyo hatukuzika mtu. Kisha ikaja siku aliyotakiwa kulisimamisha akakaa kimya, tukamzika Lukelo Kihwele.

Mimi ndiye mwalimu wa Mlinzi. Kitambulisho changu kinasema hivyo hivyo: Veneranda Mapunda, Mwalimu wa Mlinzi, Kiwanda cha Chuma Lihumbe. Wasiojua wakikisoma hudhani nafundisha askari wa getini. Mlinzi si mtu. Ni akili ya mashine iliyofungiwa kwenye makabati matatu nyuma ya chumba cha usukani, na kazi yake ni kusoma miili ya watu walio karibu na tanuru. Kila mmoja huvaa fulana yenye nyuzi zinazopima moyo, pumzi na jasho, na redio ya kofia humpelekea Mlinzi sauti. Mtu aliyekaa miaka kumi mbele ya moto, mwili wake hushtuka kabla kichwa hakijajua kinachomshtua. Mwili ukishtuka namna hiyo, Mlinzi hukata umeme, na tanuru linalonguruma hadi meno yanauma hunyamaza palepale.

Siku ya kumi na tano baada ya mazishi, Injinia Mbwambo, mkuu wa usalama, aliniita ofisini kwake. Kiwanda kilikuwa bado kimefungwa. Kupitia dirishani niliona mlima wa chuma chakavu ukilowa ukungu wa Juni, na kreni imesimama na mkono wake juu kama ilivyoachwa siku ile.

"Dada Vene, nimeziona zile chati," alisema. "Moyo wa Lukelo ulikuwa unapiga mia na sitini dakika nne nzima kabla ya mlipuko. Jasho, pumzi, kila kitu. Alikuwa anajua. Kwa nini Mlinzi hakukata?"

"Alidanganyika."

"Na nini?"

Nilimwambia bado nachunguza. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeshasikiliza sauti ya dakika zile nne mara saba, na yeye alikuwa hajaisikiliza hata mara moja. Mbwambo ni mtu wa chati.

"Sawa. Chukua dakika hizo umfundishie," alisema. "Vituo vyote sita vinavyomtumia Mlinzi vinatungoja sisi. Wanataka Mlinzi ajue kosa hili kabla hawajawasha. Lakini Sheria ya Fulana unaijua. Kilichosomwa mwilini mwa mfanyakazi ni chake, na akifa ni cha mwenzi wake. Mjane lazima aone na asikie kila tutakachotumia, ndipo atie sahihi." Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Kwa hiyo mimi nashauri tutumie mwili peke yake. Sauti tuikate. Kwa nini yule mama asikilizishwe mume wake akifa?"

Aliisema kwa huruma kabisa. Mimi nilivyofurahi kuisikia, naona aibu hadi leo.

*

Kilichomuua Lukelo ni mkate.

Sheria ya Kutotupa haituruhusu kutoa nje ya uzio hata gunia moja la taka. Mavi ya chuma, ule uchafu unaoelea juu chuma kikiyeyuka, yanasagwa na kufyatuliwa matofali, na nusu ya mji wa Lihumbe imejengwa nayo. Vumbi linalonaswa kwenye machujio ya moshi, lenye madini ya risasi na zinki ndani yake, zamani lilikuwa likimwagwa korongoni na ng'ombe waliokunywa maji ya chini walikufa. Sasa linakandwa, linaokwa, linarudishwa tanuruni. Vipande vyake tunaviita mikate kwa sababu ndivyo vilivyo, vya mraba na vyeusi, kila kimoja kilo nne. Mkate mkavu huyeyuka bila kelele. Mkate wenye maji ni habari nyingine. Ukizama kwenye chuma cha moto, maji yote hugeuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara elfu ya ile iliyohitajiwa na maji. Unaichukua kwa nguvu, na chochote kilicho juu yake kinaruka.

Mikate ya siku ile ilitoka jikoni mikavu. Ikalala ghalani siku tatu, sakafu ikatoka jasho la ukungu, na safu ya chini ikanywa. Kipimo cha unyevu hupima mmoja kati ya ishirini. Kilipima ya juu.

Sasa nieleze kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Wafanyakazi wa tanuruni ni Wangoni wa Songea na Wahehe wa Iringa, nusu kwa nusu. Mababu zetu walipigana hadi wakachoka, wakatuachia utani. Mhehe akiniona mimi Mngoni asubuhi ataniuliza kama bado tunakimbia kutoka kusini au tumeshafika. Nami nitamwuliza kama ulanzi wa jana, ile pombe yao ya mianzi, umemruhusu kuona njia. Mtani hakasiriki wala haombi radhi, na wa kwanza kunyamaza ndiye aliyeshindwa. Siku za kwanza za Mlinzi tulikuwa tunasimama mara nane kwa siku. Watu wanatukanana, wanacheka, mioyo inaruka, pumzi inakatika, na yeye anakata umeme. Wataalamu waliomtengeneza walikuja wakasikiliza redio, wakaniuliza kama watu hawa wana ugomvi. Niliwaambia hapana, ndivyo tunavyopendana.

Nikakaa wiki mbili na vipokea sauti masikioni. Nilisikiliza vipande elfu moja na mia sita, na kila palipokuwa na kicheko niliandika maneno mawili: Utani. Salama. Mlinzi alijifunza upesi. Mtu akicheka, Mlinzi aliuacha moyo wake upige utakavyo. Tukapongezwa, na vituo vingine vikanakili. Mgeni asingeweza kufanya kosa lile, kwa kuwa asingejua utani ni kitu gani na angeogopa kuugusa.

*

Blandina, mjane wa Lukelo, alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo. Nyumba yao ni ya matofali yetu, yale ya kijivu yenye vitone vinavyong'aa. Yeye mwenyewe hufanya kazi kiwanjani anakofyatua matofali hayo. Binti yao Tuli alikuwa shule.

"Karibu, dada Vene," alisema. "Nilijua utakuja. Sikujua tu itakuchukua siku ngapi."

Tulikaa sebuleni. Nilitoa kibao cha kusomea, nikaweka fomu mezani, na nikaanza kwa maneno niliyoyapanga njiani.

"Mama Tuli, kiwanda kinaomba kutumia dakika za mwisho za baba Tuli kumfundisha Mlinzi. Ni ili jambo hili lisimpate mwingine. Una haki ya kukataa. Na kuna namna mbili. Moja ni kutumia mwili peke yake, yaani moyo na pumzi. Hiyo haina sauti, ni mistari tu. Utaitazama na kusaini, basi."

"Na ya pili?"

"Ya pili ina sauti."

"Ipi itamfundisha vizuri?"

Ndilo swali nililoliogopa. Mlinzi alikuwa anaujua mwili wenye hofu tangu siku ya kwanza. Asichokijua ni hofu iliyo ndani ya kicheko. Tukikata sauti tutamfundisha anachokijua, vituo sita vitawashwa, Mbwambo atafurahi, na siku nyingine mtu mwingine atacheka mbele ya mkate wenye maji. Hayo nilikuwa nayajua wakati nabisha hodi. Nilikuja hata hivyo na zile namna mbili, nikitumaini mjane atachoka na kuchagua rahisi.

"Ya pili," nilisema. "Ya kwanza haitasaidia kitu."

"Sasa kwa nini umeanza nayo?"

Akakunja kanga moja, akaiweka juu ya nyingine.

"Msibani ulikaa kimya," alisema. "Watani wote wa Kingoni waliruka kaburini, wakalala humo, wakasema hawatoki mpaka tuwape kuku. Yule Ditram wa tanuruni alivaa koti la baba Tuli, akatembea kama yeye, hata mama mkwe akacheka. Wewe mtani wake mkubwa ulisimama kwenye mgomba kule unaangalia viatu. Nikasema huyu ana kitu. Washa."

Niliwasha.

Sauti ya Lukelo ilijaa sebule. Ilikuwa na ule mkwaruzo wake, na nyuma yake tanuru.

"Dada Vene, hii mikate ya leo mizito. Imekandwa na Mngoni nini?"

Kisha sauti yangu, kutoka chumba cha usukani, nimeshiba chai na sina shida yoyote duniani: "Mizito kwa sababu unainyanyua na mikono ya ulanzi."

Wenzake walicheka redioni. Lukelo naye alicheka. Kwenye kibao mstari mwekundu wa moyo wake ulikuwa umeanza kupanda.

"Sikiliza, nasema kweli. Inanata kwenye glavu."

"Inakunatia kwa kuwa inakupenda. Mhehe gani anaogopa mkate? Babu yako alikabili mikuki yetu, wewe unatetemekea kifungua kinywa?"

Vicheko tena, virefu. Cha kwake kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

"Haya, Mngoni. Nikifa, kaburi unachimba mwenyewe."

"Nitachimba fupi. Miguu ibaki nje, watoto wa kijijini wapate pa kuanikia soksi."

Alikuwa bado anacheka alipovuta mtaimbo wa kusukumia mikate. Nilizima kabla ya kinachofuata. Sheria inasema asikie tutakachotumia, na mlipuko hatuutumii. Hapo angalau sheria ilikuwa na utu.

Blandina hakulia. Alinyoosha mkono akagusa kioo.

"Rudisha pale anaposema inanata."

Nilirudisha. Akasema nirudishe tena. Mara ya tatu alifuata mstari mwekundu kwa kidole.

"Huu ndio moyo wake?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anaogopa."

"Alikuwa anaogopa sana, mama Tuli. Alinipa taarifa, nami nikamjibu kwa utani. Asingeweza kurudi nyuma pale bila kuonekana nimemshinda. Nilikuwa najua hilo. Yaani, ningelijua kama ningefikiri."

"Nimekaa naye miaka kumi na moja," alisema taratibu. "Tuli alipozaliwa kwa kisu alicheka korido nzima, manesi wakamtoa nje. Mama yake alipougua alicheka. Mimi nikasema nimeolewa na mtu asiye na moyo wa kuhofu. Kumbe ndivyo alivyokuwa anaogopa, na mimi nilikuwa pale pale." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nikae. "Hapo nimekukasirikia wewe na nimejikasirikia mimi. Sijui nianze na nani."

"Anza na mimi."

"Nyamaza kwanza."

Alichukua kalamu, akaisoma fomu yote, mstari kwa mstari, kama mtu anayekagua tofali lenye ufa.

"Hapa wameandika sauti za wengine zitabadilishwa zisitambulike. Maana yake yako?"

"Ndiyo. Ni kawaida."

"Hiyo sitaki. Sauti yako ibaki kama ilivyo. Nataka hilo dude likikusikia wewe unacheka na mtu aliye mbele ya moto, lisimame. Popote lilipo. Likusimamie mpaka ustaafu."

"Mama Tuli, itakuwa..."

"Nimemaliza. Ukikubali nasaini, ukikataa uondoke na mistari yako."

Nilikubali. Alisaini, kisha akanipikia chai, kwa kuwa nilikuwa mgeni, na tulikunywa bila kuongea habari hiyo tena.

*

Mbwambo alipoisikiliza sauti hatimaye, alivua miwani akaiweka mezani.

"Unaelewa unachofanya? Vituo sita vitakusikia wewe ukimcheka mtu dakika moja kabla hajafa. Tume ya ajali itakusikia."

"Naelewa."

"Na jambo jingine, hili ni la kweli, silisemi kukukinga. Ukimfundisha Mlinzi kuogopa vicheko, atasimama kila saa. Watu watachoka. Watavua fulana. Kabla ya fulana tulikuwa tunazika wanne kwa mwaka, Veneranda. Wanne. Unataka kurudi huko kwa sababu ya dhamiri yako?"

Hoja hiyo inanisumbua mpaka sasa. Nilimwambia tu kwamba Mlinzi anayejua nusu ya hofu ya watu ni hatari kuliko asiyekuwepo, maana watu wanamwamini. Akasema hayo ni maneno. Lakini sahihi ya mjane ilikuwa mezani, na bila zile dakika nne hakuwa na kitu cha kuwapa wale wa vituo vingine. Akasukuma fomu upande wangu.

Kumfundisha Mlinzi somo jipya kulimaanisha kufuta la zamani. Nilirudi kwenye vile vipande elfu moja na mia sita. Safari hii sikusikiliza vicheko, nilitazama mistari. Vingi vilikuwa utani mtupu, moyo unaruka na kurudi. Lakini arobaini na vitatu havikuwa hivyo. Ndani yake moyo ulipanda ukakaa huko huko juu huku mdomo ukicheka. Katika kimoja mtu anatania kuhusu kreni inayolia. Katika kingine wanacheka bomba la maji linalovuja karibu na shimo la mavi ya moto. Hakuna aliyeumia siku hizo, kwa bahati tu.

Tisa kati ya hivyo vilikuwa vya Lukelo. Vyote tisa nilikuwa nimeviandika salama kwa mkono wangu. Niliinama pale mezani nikalia kwa sauti, mchana kweupe, na fundi wa umeme aliyekuwa anapita akafunga mlango polepole.

Kisha nikafuta neno salama kwenye kimoja baada ya kingine, nikakipa kila kimoja jina lake sahihi: Hatari.

*

Tuliwasha tanuru Jumatatu saa tatu asubuhi. Msimamizi wa zamu alikuwa Kalinga, Mhehe wa Kilolo, aliyefanya kazi na Lukelo tangu kiwanda kifunguliwe. Kwenye jukwaa la mikate alisimama Ditram. Nguzo tatu za makaa, zinazopeleka umeme kwenye chuma, zilishuka, umeme ukapiga, na ule mngurumo ukaturudia mwilini. Kwa saa nzima redio zilibeba namba tu. Kila mtu alikuwa anajua Mlinzi amefundishwa nini na kwa sauti ya nani.

Chuma kilipoanza kuyeyuka, Kalinga akaja karibu na kioo cha chumba cha usukani. Nadhani alinionea huruma, au alishindwa kuvumilia ule ukimya wa kanisani.

"Mngoni," alisema redioni, "naona leo umekalia kiti hadi mwisho. Siku zote unakalia ukingoni, tayari kwa mbio."

Kilinitoka kabla sijakikamata. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani.

Tanuru lilinyamaza.

Taa za njano zikawaka, nguzo zikapanda, na watu wote kumi na wanne wakageuka kutazama kioo changu. Moyo wa Kalinga kwenye chati ulikuwa tulivu. Wa Ditram tulivu. Mlinzi alikuwa amenisikia mimi tu.

Mbele ya Kalinga kioo kidogo cha Mlinzi, chenye vitufe viwili, kilimuuliza lile swali la kila tanuru linaposimama: Salama. Hatari. Akiminya cha kwanza, Mlinzi atajifunza kwamba kicheko kile hakikuwa na kitu. Wakiminya hivyo mara mia, atasahau yote.

"Dada Vene," aliuliza, na hakunitania, "nibonyeze kipi?"

"Usibonyeze. Nendeni mkaguse mikate kwanza. Yote ya jukwaani, mpaka safu ya chini."

"Kipimo kimeshapima."

"Najua."

Alivua glavu. Alimfuata Ditram jukwaani, wakapita safu kwa safu, mikono mitupu, wakigeuza kila mkate kama watu wanaochagua viazi sokoni. Iliwachukua dakika kumi na sita. Chuma kilianza kugandia ukingoni, na Mbwambo alipiga simu mara mbili bila mimi kupokea.

"Mikavu," Kalinga alisema. "Yote. Sasa niandike salama?"

"Andika kilichotokea. Veneranda amecheka, tanuru limesimama, mikate imeguswa."

"Na kesho ukicheka tena?"

"Mtagusa tena."

Aliandika. Kuliwasha upya kulihitaji dakika ishirini, na wakati huo watu walikaa kwenye benchi refu chini ya kioo changu, wamevaa fulana zao, hakuna aliyevua. Niliongeza sauti ya redio ili nisikie watasema nini juu yangu. Nilitamani Mhehe mmoja anitukane kama mtani, hata kidogo tu, hata kwa kunong'ona. Ditram akauliza saa, Kalinga akamtajia, kisha akatazama juu na kuniambia kwa upole, kama mtu anavyomwambia mgonjwa, "Pumzika tu, mama, tutakuita."